Sarafu za Kirumi zilizopakwa fedha: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu ngozi na sura

Nakusanya sarafu za Roma za kati ya mwaka 215 na 340 hivi, na hasa zile zilizotoka kiwandani ziking'aa kama fedha ilhali ndani ni shaba. Maswali ninayopata hujirudia, kwa hiyo nimeyaweka pamoja hapa. Baadhi nimeyajibu kwa urefu kwa sababu ndiyo yanayowatia watu hasara. Mengine mistari miwili inatosha.

Kwa nini sarafu ya shaba ipakwe fedha?

Kwa sababu serikali ilikuwa na askari wengi kuliko fedha ya kuwalipa. Dinari ya Augustus, kaizari wa kwanza, ilikuwa karibu fedha tupu. Nero akaipunguza mwaka 64, uzito na usafi kwa pamoja, na baada yake kila kaizari aliyebanwa na vita akaongeza shaba kidogo. Kufikia enzi ya Septimius Severus dinari ilikuwa takriban nusu kwa nusu. Mwaka 215 mwanawe, Caracalla, akatoa sarafu kubwa zaidi ambayo leo tunaiita antoniniano. Jina hilo ni la wasomi wa baadaye. Utaitambua kwa taji lenye miale kama ya jua juu ya kichwa cha kaizari. Kwa malkia, kifua kinakaa juu ya mwezi mwandamo. Wengi wanakubaliana kwamba ilihesabiwa kama dinari mbili, ingawa fedha iliyokuwamo haikuzidi sana ya dinari moja na nusu.

Ujanja huo haukufika mbali. Mwaka 260 kaizari Valerianus alitekwa na Shapur wa Uajemi, mikoa ya magharibi ikajitenga, na mwanawe Gallienus akabaki na dola iliyomeguka. Mwisho wa utawala wake antoniniano ilikuwa na fedha chini ya asilimia 5, na ya mrithi wake Claudius II iliporomoka hadi asilimia 2 au 3. Ukiishika leo unaona kipande cha kahawia, chembamba, mara nyingi kimepasuka ukingoni.

Kaizari Aurelianus ndiye aliyejaribu kurudisha heshima. Kwanza ilibidi apambane na wafanyakazi wa kiwanda cha sarafu cha Roma, waliomwasi karibu mwaka 271 wakiongozwa na Felicissimus, msimamizi wa hazina. Mwanahistoria Aurelius Victor anasema askari 7,000 walikufa katika mapigano hayo. Idadi hiyo inaweza kuwa imetiwa chumvi, lakini inaonyesha kwamba ulaji uliokuwa ukilindwa pale haukuwa mdogo. Mwaka 274 Aurelianus akatoa antoniniano mpya: nzito kidogo, ya duara zuri, fedha kama asilimia 5 ndani, na juu yake ngozi nyembamba ya fedha. Karibu mwaka 294 kaizari Diocletianus akafuata njia ileile kwa sarafu kubwa ya gramu 10 hivi, ambayo wakusanyaji tunaiita folisi.

Basi walikuwa wakiwadanganya watu?

Sidhani. Sarafu za Aurelianus zina alama XXI chini ya picha ya nyuma, au KA kwenye viwanda vilivyotumia herufi za Kigiriki. Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba maana yake ni 20 kwa 1, yaani sehemu ishirini za shaba kwa sehemu moja ya fedha. Kinachonishawishi ni sarafu chache za kaizari Tacitus kutoka Antiokia na Tripolis (Lebanoni ya leo) zenye alama XI au IA. Zilipopimwa zikakutwa na fedha karibu asilimia 10, mara mbili ya zile za XXI. Mtu anayeandika kiwango cha fedha kwenye sarafu yenyewe hafichi kitu. Ngozi ya juu ilikuwa ya kuipendezesha sarafu na kuitofautisha na uchafu wa miaka iliyotangulia.

Usichanganye hizi na dinari bandia za kale zenye moyo wa shaba uliofunikwa karatasi ya fedha. Hizo zilikusudiwa kumfanya mpokeaji aamini ni fedha mpaka ndani, na nyingi zilitengenezwa uchochoroni.

Walipakaje?

Njia zilikuwa zaidi ya moja. Sarafu zenye fedha ya kutosha, kama za Caracalla hadi Valerianus, hazikuhitaji kupakwa: kipande kitupu kilichomwa moto mpaka shaba ya juu ikaungua, kikatiwa kwenye asidi ikaondoa ile shaba iliyoungua, na ngozi yenye fedha nyingi ikabaki. Kwa sarafu yenye asilimia 5 tu ujanja huo hautoshi. Kwenye baadhi ya folisi wachunguzi wamekuta mabaki ya zebaki, kwa hiyo inaelekea fedha ilichanganywa na zebaki, ikapakwa, kisha zebaki ikafukuzwa kwa joto. Masonara wengi wa zamani waliijua kazi hiyo, na iliwaua polepole. Ngozi iliyopatikana ni ya mikroni chache, nyembamba sana kuliko unywele.

Nitajuaje kama fedha ninayoiona ni ya kale au imepakwa juzi?

Nunua lenzi ya sonara inayokuza mara 10 kabla hujanunua sarafu yoyote. Kisha anza na mashimo.

Sarafu iliyokaa ardhini miaka 1,700 huwa na vishimo vya kutu, hata kama ni vichache. Kutu ilipokula shaba, ilikula pamoja na ngozi iliyokuwa juu yake. Kwa hiyo shimo lililochimbwa na kutu haliwezi kuwa na fedha ya kale chini yake: shimo lilikuja baada ya fedha. Ukiona weupe unaoteremka ndani ya shimo hadi chini kabisa, umepata jibu. Angalia pia mikwaruzo. Mkwaruzo wa jembe au wa kisu cha msafishaji unatakiwa kuonyesha shaba. Ukikuta mkwaruzo unang'aa sawa na sehemu nyingine, aliyepaka alipaka baada ya mkwaruzo.

Halafu tazama fedha imebaki wapi. Ngozi ya kale huchakaa kwanza pale panapojitokeza: shavu, nyusi, nywele za juu ya sikio, ncha za miale ya taji. Hubaki mahali palipojificha, katikati ya herufi, chini ya kidevu, kwenye mikunjo ya joho. Kingo za viraka vyake ni za ovyo kama ramani ya visiwa, na rangi yake ni kijivu, wakati mwingine karibu na nyeusi. Sarafu yenye shavu lililofutika kabisa lakini shavu hilohilo ni jeupe kama kijiko kipya imepakwa juzi.

Kuna kundi la tatu linalowachanganya wengi: antoniniano za kati ya mwaka 240 na 260 zenye fedha ya kutosha ndani, zilizooshwa kwa kemikali mpaka zikawa nyeupe zote. Hazikupakwa, zimechunwa tu. Fedha ni ya kwao, lakini uso umepoteza uhai na chini ya lenzi unaonekana na vinyweleo kama ganda la chungwa.

Naweza kuisafisha kwa ndimu?

Hapana. Najua kwa sababu niliwahi.

Sarafu yangu ya kwanza ya maana ilikuwa antoniniano ya kaizari Probus kutoka kiwanda cha Siscia, mji unaoitwa leo Sisak, nchini Kroatia. Niliinunua kwenye mnada mdogo wa Jumapili. Ilikuwa na tope gumu upande mmoja, na chini ya tope fedha ilikuwa ikichungulia. Nyumbani kwetu sinia za shaba zilisuguliwa kwa ndimu na majivu, zikatoka kama mpya, kwa hiyo nikakamua ndimu mbili kwenye kikombe cha kahawa nikaitumbukiza. Baada ya dakika ishirini maji yalikuwa ya kijani, na juu yake vimeelea vigamba vyeupe kama magamba ya dagaa. Ile ndiyo ilikuwa fedha. Nilichotoa kikombeni ni kipande chekundu, chenye uso wa Probus kama aliyebabuka kwa jua.

Kilichotokea ni rahisi kueleza. Ngozi ya fedha ina matundu madogo. Asidi hupita humo, huiacha fedha ilivyo na kula kutu ya shaba iliyo chini yake. Fedha ikikosa cha kushikilia, inabanduka. Siki hufanya vivyo hivyo. Kuisafisha kwa umeme wa betri ni kubaya zaidi.

Kinachofaa ni maji yasiyo na chumvi, yale yanayouzwa vituo vya mafuta kwa ajili ya betri za magari. Hakikisha dukani ni maji na si asidi, maana chupa zinafanana. Loweka, badilisha maji kila siku chache, na uwe na subira ya wiki hata miezi. Tope likilegea, liguse kwa kijiti cha meno cha mti, chini ya lenzi. Kama halitoki, liache. Tope linashika fedha. Mwenye sarafu baada yako huenda akawa na mkono mzuri kuliko wako.

Kuna unga wa kijani unaotoka kwenye sarafu. Ni kutu ya kawaida?

Utando mgumu wa kijani, laini kwa kidole na usiotoka, hauna neno. Wengine huulipia zaidi. Unga wa kijani mpauko unaopukutika na kurudi tena ukiufuta ni ugonjwa wa shaba. Chanzo ni chumvi ya kloridi iliyonaswa ndani, ikiamshwa na unyevu wa hewa. Itenge sarafu hiyo na wenzake na uihifadhi mahali pakavu. Wakazi wa mwambao, kuanzia Lamu hadi Mtwara, hewa yenu ndiyo adui: weka vifuko vya kukausha unyevu ndani ya kopo lililofungwa, na uvibadilishe. Na usitumie mifuko laini ya plastiki ya PVC, hutoa utando wa kunata unaokula shaba.

Fedha ikibaki kiasi gani ni nzuri?

Wauzaji huandika "asilimia 90 ya fedha imebaki" na bei hupaa. Mimi hununua sura kwanza. Sarafu ya kahawia yenye uso uliochongwa vizuri inanipa raha zaidi ya sarafu nyeupe yenye uso wa kinyago. Fedha ni nyongeza.

Kwa nini makaizari wote wa karibu mwaka 300 wana sura moja?

Walitaka hivyo. Tarehe 1 Machi 293 Diocletianus alikamilisha utawala wa watu wanne: yeye na Maximianus wakiwa wakubwa, Constantius na Galerius wakiwa wasaidizi. Watu wanne wenye majeshi manne ni hatari, na sarafu ikapewa kazi ya kusema kwamba hawa ni kitu kimoja. Kichwa cha mraba, shingo nene kama ya fahali, ndevu fupi za vidoti, jicho kubwa linalotazama mbele. Ukifunika maandishi kwa kidole hutajua ni nani. Sanamu ya mawe mekundu iliyoko kwenye kona ya kanisa la San Marco, Venezia, inaonyesha wanne hao wakikumbatiana wawili wawili kwa sura hizohizo.

Linganisha na walivyofanya wa zamani. Nero kwenye sarafu ananenepa mwaka hadi mwaka, kidevu cha pili kikija bila kufichwa. Vespasianus ni mzee mwenye makunyanzi na upara. Caracalla anaanza akiwa mtoto mwenye mashavu, anaishia na ndita za hasira. Uso ulikuwa wa mtu. Kwa Diocletianus uso umekuwa wa cheo.

Anayevunja mtindo huo ni Constantinus, ambaye vitabu vya kanisa humwita Konstantino. Ananyoa ndevu, pua ndefu inarudi, anakuwa kijana tena kama Augustus. Baada ya kumshinda Licinius, kaizari mwenzake, mwaka 324, kwenye baadhi ya sarafu amevaa utepe wa kifalme wenye vito kichwani na macho yake yameinuliwa juu. Eusebius, askofu aliyeishi wakati huo, aliitaja sura hiyo akasema ni ya mtu anayemwomba Mungu. Macho ya namna hiyo yalikuwa yameshawekwa kwa wafalme wa Kigiriki karne nyingi kabla, lakini tafsiri ya Eusebius ndiyo iliyoshinda.

Nina sarafu mbili za kaizari mmoja na nyuso hazifanani hata kidogo. Moja ni feki?

Si lazima. Wachonga mihuri ya kupigia sarafu walikuwa London, Trier, Lyon, Ticinum, Siscia, Cyzicus, Antiokia, Aleksandria na kwingineko, na wengi wao hawakuwahi kumwona kaizari. Maximinus Thrax alipotawazwa na askari mwaka 235, mafundi wa Roma walichonga uso unaofanana na Severus Alexander, kaizari aliyemtangulia, aliyekuwa amekwisha kuuawa. Picha yake ilipofika, kidevu kirefu kilichochomoza kikatokea kwenye sarafu. Yeye mwenyewe hakuwahi kuingia Roma akiwa kaizari.

Baadaye mambo yakageuka: kiwanda kilichonga uso wa bwana aliyekuwa karibu. Maximinus Daia alipotawala mashariki, folisi za Constantinus zilizopigwa huko zilitoka na uso unaofanana na Daia mwenyewe. Ukishajua hili utaanza kutaja kiwanda kabla ya kusoma alama ya kiwanda iliyo chini.

Probus, aliyetawala mwaka 276 hadi 282, ni darasa peke yake. Utamkuta na joho la konsuli (cheo cha juu cha uongozi Roma) akishika fimbo yenye tai, au na kofia ya chuma, mkuki na ngao, au amegeuza kichwa kushoto. Anayependa sura bila kufilisika aanze na huyu. Ticinum pia waliweka fumbo: kila idara ya kiwanda iliongeza herufi moja kwenye alama yake, na zote zikipangwa pamoja zinasomeka EQVITI.

Nitapimaje ubora wa sura?

Tenganisha mambo matatu ambayo watu huyachanganya. La kwanza ni mkono wa mchongaji: je, jicho liko kwenye kichwa au limebandikwa juu yake? Sikio lina umbo, au ni alama ya kuuliza? La pili ni muhuri ulichoka kiasi gani. Muhuri uliopiga maelfu ya sarafu huvimba, na herufi zinaanza kuyeyuka kuelekea ukingoni, hata kama sarafu yenyewe haikutumika sokoni siku moja. La tatu ndilo uchakavu wa mikono ya watu. Sarafu yenye fedha yote mwilini na uso uliofifia haijachakaa: imepigwa kwa muhuri uliochoka. Hapo ndipo ngozi na sura zinaposomwa pamoja.

Muhuri wa uso ulikaa chini, kwenye fuawe. Wa nyuma ulishikwa juu na kupokea nyundo moja kwa moja. Ndiyo maana wa nyuma ulikufa mapema, na ndiyo maana utaona uso mzuri ukiwa na mgongo hafifu. Mimi husamehe.

Sura mbaya sana ni dalili ya ughushi?

Ughushi wa kisasa mara nyingi una sura nzuri kupita kiasi. Zile mbaya, zenye kichwa kama cha mchoro wa mtoto na maandishi yasiyosomeka, huenda zikawa nakala za kale zilizopigwa Galia (Ufaransa ya leo) na Britania baada ya mwaka 270, wakati sarafu za Tetricus, kaizari wa mikoa ya magharibi iliyojitenga, zilipokuwa zikiigwa kila kijiji. Carausius, jemadari aliyejitangaza kaizari wa Britania mwaka 286, alianza na sura za kutisha, nyingine zimepigwa juu ya sarafu za watangulizi wake. Kwenye hazina ya Frome, iliyofukuliwa Somerset mwaka 2010 ikiwa na sarafu 52,503 ndani ya chungu kimoja, zake zilizidi 760.

Cha kuogopa ni sarafu mbili zenye vishimo vilevile mahali palepale. Mihuri hurudia picha, hairudii kutu. Zote mbili zimemiminwa kutoka kwa mama mmoja.

Zina uhusiano wowote na sisi?

Upo kwenye ulimi. Dinari ilitoka Kilatini, ikapita Kigiriki na Kiarabu, ikafika kwenye Biblia zetu. Folisi ikawa *fals* kwa Waarabu, wingi wake *fulus*, na wazee wa pwani walisema fulusi kwa maana ya pesa. Kutoka hapo tukapata *kufilisika*. Kamusi za kale za Kiarabu hueleza kwamba aliyefilisika ni yule ambaye dirhamu zake za fedha zimegeuka kuwa fulusi za shaba. Neno hilo lingewafaa sana Gallienus na Claudius II.

Na kama unataka bara letu kwenye sarafu yenyewe, tafuta folisi za Kartago, Tunisia ya leo, za karibu mwaka 296 hadi 298, zilizoandikwa FELIX ADVENT AVGG NN. Nyuma amesimama mwanamke aitwaye Africa, amevaa ngozi ya kichwa cha tembo, mkononi ana pembe ya ndovu, miguuni ana simba. Yangu imebakiwa na fedha kwenye mkonga peke yake.

Ni bei gani, na ninunue wapi?

Folisi ndogo za Constantinus na antoniniano za Probus zenye hali nzuri hupatikana kwa dola 20 hadi 50. Nunua kwa muuzaji anayekubali kurudishiwa, na muulize sarafu ilitoka wapi. Italia, Uturuki na Misri zina sheria kali kuhusu vitu vya kale. Uingereza aliyeokota hazina hulazimika kuitangaza chini ya Sheria ya Hazina ya mwaka 1996. Muuzaji akijibu "ilikuwa ya babu" bila karatasi yoyote, mwombe hata risiti ya mnada wa zamani. Akikasirika, ondoka.